Skrini Gani? Historia ya Kisogo, Fuwele na Bei ya Memori

Swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi, kuliko hata "hivi virusi nitaviondoaje", ni hili: ninunue skrini ya aina gani? Zamani lilikuwa CRT au LCD. Sasa ni IPS au VA au OLED. Herufi zimebadilika lakini swali ni lile lile, na anayeuliza huwa anadhani kuna aina moja iliyo bora na nyingine zote ni za kulia pesa za watu.

Jibu langu huwa refu kwa sababu haliwezi kueleweka bila historia. Ukiitazama historia ya skrini za kompyuta (au viwambo vya tarakilishi, kwa wale wa Kiswahili cha darasani) unaona jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Karibu kila mara, skrini iliyoshinda haikushinda kwa sababu picha yake ilikuwa nzuri kuliko za wenzake. Ilishinda kwa sababu ya bei ya kitu kingine kabisa: memori, betri, uzito, nauli ya meli. Macho yako yalikuja baadaye.

Tuanze na zile za kisogo. Mrija wa miale ya kathodi, yaani CRT, ulitengenezwa na Karl Ferdinand Braun mjini Strasbourg mwaka 1897. Ni chupa kubwa ya kioo iliyofyonzwa hewa yote. Kwenye shingo yake kuna kipande cha chuma kinachopashwa moto mpaka kinatema elektroni. Volti kali zinazivuta elektroni hizo mbele, sumaku zinazipinda njiani, na mwisho zinagonga unga uliopakwa ndani ya kioo cha mbele, nao unang'aa. Halafu unazimika hapo hapo. Hilo la kuzimika likumbuke, maana shida nyingi zilizofuata zinatoka hapo. Picha ya CRT haikai. Ni lazima ichorwe upya mara 50, 60 au 85 kila sekunde, na ili ichorwe upya ni lazima pawe na mahali inapokumbukwa.

Kompyuta za kwanza hazikuwa na mahali pa kukumbukia chochote! Kwa kweli CRT iliingia kwenye kompyuta kama memori kabla ya kuwa skrini tunayoijua. Mashine ndogo ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyoendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948, iliweka biti 1,024 kama vidoa vya chaji kwenye uso wa mrija, vikisomwa na kuandikwa upya kabla havijafifia. Ili kuona jibu, Williams na Kilburn waliangalia mrija wa pili ulioonyesha vidoa vile vile. Yaani walikuwa wanatazama RAM kwa macho yao. Sisi wa siku hizi tunatumia vidibaga kufanya kazi hiyo hiyo, na wakati mwingine naona wao walikuwa na raha zaidi.

Ugumu wa kuchagua ulianza miaka ya 1960. Ulikuwa unaweza kufanya kama Ivan Sutherland alivyofanya na Sketchpad kule MIT mwaka 1963: kompyuta inahifadhi orodha ya nukta na mistari tu, na mwale unaizungukia orodha hiyo kama kalamu. Memori inayohitajika ni ndogo. Lakini mchoro ukiwa mkubwa, mwale unachelewa kurudi mwanzo na picha inaanza kupepesa. Kila mstari unaouongeza unalipiwa na macho.

Au ungenunua mrija unaokumbuka wenyewe. Tektronix 4010 ya mwaka 1972 ilikuwa na CRT ya aina ya pekee ambayo kitu kikishachorwa kinabaki. Haikupepesa hata kidogo, haikuhitaji memori ya picha, na mistari yake ilikuwa safi mno. Kasoro yake ni moja: huwezi kufuta kipande. Ukitaka kuondoa mstari mmoja unafuta skrini nzima, inamweka mwanga wa kijani usoni kwako, halafu unachora kila kitu upya. Wahandisi na wanasayansi waliipenda sana hata hivyo, kwa sababu memori ilikuwa ghali na hii ilikwepa gharama hiyo.

Njia ya tatu ilikuwa kukubali maandishi peke yake. VT100 ya kampuni ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, ilionyesha mistari 24 yenye herufi 80 kila mmoja. Piga hesabu: herufi 1,920, baiti moja kwa kila herufi, haifiki hata kilobaiti 2. Kuhusu hiyo 80, haikutokana na uchunguzi wowote wa macho ya binadamu. Ni upana wa kadi ya matundu ya IBM ya mwaka 1928. Ukiona mwenzako anang'ang'ania kwamba mstari wa kodi usizidi herufi 80, mkumbushe kwamba anaitii kadi ya karatasi.

Sasa linganisha na Alto, kompyuta iliyotengenezwa na Xerox kule Palo Alto mwaka 1973. Wao waliamua kila nukta ya skrini iwe na biti yake kwenye memori. Skrini ilisimama wima kama karatasi, upana nukta 606 na urefu nukta 808. Zidisha, gawanya kwa 8, unapata kilobaiti 60 na kidogo. Memori yote ya mashine ilikuwa kilobaiti 128. Karibu nusu ya memori ya kompyuta ilikuwa inatumika kushikilia picha tu! Kwa mhasibu yeyote wa mwaka 1973 huo ulikuwa wazimu. Lakini waliamini memori itashuka bei, ikashuka, na leo simu yako, laptopu yako na mashine ya ATM zote zinafuata njia ya Alto. Tektronix na mrija wake unaokumbuka ikakosa sababu ya kuwepo. Hakuna aliyethibitisha kwamba picha yake ni mbaya. Chipu za memori zilikuwa rahisi, basi.

Yaliipata plasma pia, na hii wengi hawaijui kwa sababu wanadhani plasma ilizaliwa kwenye TV za sebuleni. Ilizaliwa kwenye elimu. Mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Donald Bitzer, Gene Slottow na mwanafunzi wao Robert Willson walikuwa wanatafuta skrini ya mfumo wa kufundishia uitwao PLATO. Walitaka kuweka vituo vingi vya wanafunzi, na kila kituo kikiwa na CRT kingehitaji memori yake. Wakatengeneza vioo viwili bapa vyenye gesi katikati na nyaya zinazokatizana. Pale nyaya mbili zinapokutana, gesi inawaka rangi ya chungwa, na ikishawaka inabaki inawaka mpaka uizime. Skrini yenyewe ndiyo memori. Vituo vya PLATO IV vya mwaka 1972 vilikuwa na nukta 512 kwa 512. Kwa CRT hizo zingekuwa kilobaiti 32 kwa kila mwanafunzi, na vilikuwa hata na uso wa kugusa kwa kidole. Mwaka 1972! Memori iliposhuka bei, faida kuu ya plasma ikafa. Ikarudi kwenye laptopu nene kama Toshiba T3100 ya mwaka 1986, iliyopendeza macho lakini ilikula umeme mpaka ikabidi ichomekwe ukutani. Ikarudi tena kwenye TV kubwa, na watu wa picha wanaapa mpaka leo kwamba weusi wake ulizishinda LCD za wakati wake. Haikuisaidia. Kufikia mwisho wa mwaka 2014 Panasonic, Samsung na LG zote zilikuwa zimeachana nayo.

Haya, tuje kwa LCD, mshindi ambaye alianza akiwa mbaya kuliko wote.

Mwaka 1888 mtaalamu wa mimea Friedrich Reinitzer, akifanya kazi mjini Prague, alikuwa anachunguza kemikali inayotokana na kolesteroli aliyoipata kwenye karoti. Akaona inayeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145.5 inakuwa majimaji yenye ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 majimaji hayo yanakuwa safi. Kile cha katikati, kinachotiririka kama maji lakini molekuli zake zimejipanga kama fuwele, ndicho kimo ndani ya skrini yako. Ukikipitishia umeme, molekuli zinageuka, na pamoja nazo unageuka mwanga unaopita.

Kampuni ya Kimarekani ya RCA ilitangaza skrini ya fuwele hizo mwaka 1968, kazi iliyoongozwa na George Heilmeier. Lakini RCA ilikuwa inaishi kwa kuuza TV za mrija, na haikuwa na haraka ya kujichimbia kaburi. Waswisi wakaboresha: Martin Schadt na Wolfgang Helfrich, mwaka 1970, wakaja na mpangilio uliosokotwa ambao unatumia umeme kidogo mno. Chuo Kikuu cha Hull huko Uingereza, chini ya George Gray, kikatengeneza fuwele zinazofanya kazi kwenye joto la kawaida bila kuharibika. Na Sharp ya Japani, mwaka 1973, ikauza kikokotoo cha mfukoni chenye LCD. Kikokotoo! Tarakimu chache za kijivu ambazo usiku huzioni. Lakini betri haikuisha haraka, na kwa mwenye kikokotoo hilo ndilo lililokuwa na maana.

(Ndiyo, najua, wengi wetu tumekua na TV za Great Wall nyeusi na nyeupe zilizoendeshwa kwa betri ya gari. CRT inawezekana kwa betri. Lakini hiyo betri hubebi mkononi. Osborne 1 ya mwaka 1981, iliyoitwa kompyuta ya kubeba, ilikuwa na CRT ya inchi 5, uzito wa kilo 11 hivi, na bado uliichomeka ukutani.)

LCD za laptopu za miaka ya mwanzo zilikuwa aibu. Fuwele ziligeuka polepole mno hata ukisogeza kipanya mshale unapotea. Ndiyo maana Windows 3.1 ya mwaka 1992 iliwekewa mikia ya mshale, ili mwenye laptopu ajue mshale wake umeenda wapi. Dawa ilikuwa imeshapatikana zamani: transista moja nyuma ya kila nukta, kazi aliyoifanya Peter Brody katika kampuni ya Westinghouse mwanzoni mwa miaka ya 1970. Westinghouse ikausimamisha mradi mwaka 1979. Wajapani hawakuusimamisha wao. Sharp ikaonyesha skrini ya rangi ya inchi 14 ya aina hiyo mwaka 1988, na IBM ikaweka ya inchi 10.4 kwenye ThinkPad 700C mwaka 1992. Kodak nayo ilifanya mambo hayo hayo: Ching Tang na Steven Van Slyke walitengeneza OLED ya kwanza inayofaa ndani ya maabara yake mwaka 1987, na mwaka 2009 kampuni ikaiuzia LG biashara hiyo. Ukihesabu RCA, Westinghouse na Kodak, utaona kwamba Marekani ilipanda na Asia ikavuna.

Nimefika sasa kwenye mashindano niliyoyaona mwenyewe, CRT dhidi ya LCD mezani, miaka ya mwanzo ya 2000. Saiba za Nairobi nilizojifunzia kuandika programu zilikuwa na CRT za inchi 15 na 17, nyingi zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Nyingi zilikuwa zimeachwa kwenye mara 60 kwa sekunde, na ukikaa saa tatu kichwa kinauma. Kuingia kwenye mipangilio na kupandisha hadi 85 kulichukua dakika moja, na nimewafanyia wenye saiba wengi kazi hiyo kwa malipo ya nusu saa ya bure.

Ukiacha kupepesa, CRT nzuri ilikuwa bora kwa picha. Weusi ulikuwa weusi, rangi hazikubadilika ukiinama, michezo haikuacha mkia, na ungeweza kuchagua ukubwa wowote wa picha bila herufi kuvimba. LCD ya bei nafuu ya wakati huo ilikuwa ya aina ya TN: ukisimama, rangi zinageuka. Ndiyo maana wachoraji na watu wa picha waling'ang'ania mirija kama Sony GDM-FW900, ya inchi 24 na uzito wa zaidi ya kilo 40.

Hiyo kilo 40 ndiyo iliyoamua. CRT ya inchi 17 ilikuwa na kilo 16 au zaidi; LCD ya ukubwa huo, kama 5. Weka kwenye kontena, weka kwenye lori kutoka Mombasa, weka kwenye ofisi ya ghorofa ya nne isiyo na lifti. Halafu umeme: wati 80 hivi kwa mrija, 35 hivi kwa LCD. Kwa Mzungu hiyo ni bili tu. Kwetu ilikuwa na maana nyingine. Stima ikipotea na uko kwenye UPS ndogo, skrini ya wati 35 inakupa muda wa kuhifadhi kazi na kufunga mashine vizuri. Ya wati 80 inakupa muda wa kusema "aaah". Kwa hoja hiyo pekee nilikuwa nawaambia watu wanunue LCD hata pale picha yake ilipokuwa mbaya zaidi. Upande wa pili, fundi wa Luthuli Avenue aliweza kuifufua CRT kwa kipuri cha bei ndogo, huku kidirisha cha LCD kilichopasuka kikiwa ni cha kutupa.

Wakati sisi tunabishana hivyo, upande wa pili watengenezaji walikuwa wanakutana. Mwezi Desemba 2010 Tume ya Ulaya iliwatoza watengenezaji wa vidirisha vya LCD faini ya takriban euro milioni 649 kwa kupanga bei pamoja kati ya mwaka 2001 na 2006, kwenye mikutano kama 60 iliyofanyika zaidi katika hoteli za Taiwan. Wenyewe waliiita mikutano ya fuwele. Mwezi Desemba 2012 ikaja zamu ya CRT: euro bilioni 1.47 kwa njama zilizodumu kati ya mwaka 1996 na 2006. Ile ya wakubwa iliitwa mikutano ya kijani kwa sababu mara nyingi iliishia kwenye uwanja wa gofu. Soma tena miaka hiyo. Ungenunua ya kisogo au bapa, bei ilikuwa imepangwa na watu waliokaa meza moja, na baadhi ya kampuni zilikuwa kwenye njama zote mbili.

Na mirija ilipokufa haikuoza. Kioo cha kisogo chake kina oksidi ya madini ya risasi zaidi ya asilimia 20, ili kuzuia eksirei isimfikie mtazamaji. Zamani kioo kikuukuu kiliyeyushwa kikawa mrija mpya. Mirija mipya ilipoacha kutengenezwa, kioo hicho kikakosa mnunuzi, na kinarundikana popote kilipofika mwisho, pamoja na hapa kwetu tulikopokea zilizotumika. Kama unayo nyumbani usiivunje kutafuta shaba. Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kilichoanzishwa mwaka 2012, kinachopokea taka za aina hiyo.

Kuna skrini moja tu ninayoijua iliyobuniwa kwa kuanza na mtumiaji wa upande wetu wa dunia. Mary Lou Jepsen alipobuni skrini ya XO, ile laptopu ya kijani na nyeupe ya watoto iliyotoka mwaka 2007, alijua darasa linaweza kuwa chini ya mti. Akatengeneza LCD ya inchi 7.5 ambayo ndani ya nyumba ina rangi, na juani unazima taa yake na inasomeka kwa mwanga wa jua lenyewe, nyeusi na nyeupe, nukta 1,200 kwa 900. Ilitumia chini ya wati 1 hivi. Rwanda ilisambaza zaidi ya laki moja za mashine hizo. Mradi wenyewe ulikuwa na matatizo mengi, na bei iliyoahidiwa ya dola 100 ilifika karibu 200, lakini skrini ile ilikuwa kitu cha akili. Jaribu kusoma laptopu yako ya leo nje saa saba mchana uone.

Basi, leo ununue nini? Kwa anayeandika programu au hesabu mchana kutwa, IPS. Hitachi iliileta sokoni mwaka 1996 kutibu ugonjwa wa TN wa rangi kugeuka, na sasa imeshuka bei kiasi kwamba TN sioni sababu yake. VA ina weusi mzuri zaidi, inafaa chumba chenye giza na sinema, ila vitu vyeusi vinavyosogea huacha kivuli. OLED haina taa ya nyuma, kila nukta inajiwakia, na kwa picha hakuna inayoifikia tangu CRT. Lakini nukta zake huchoka, na zile zinazowaka sana huchoka haraka. Sisi tunaoacha kihariri cha kodi wazi saa kumi kwa siku, na upau wa chini ukiwa umeganda pale pale, tunaichosha vibaya. Ukiinunua, ficha upau wa chini ujifiche wenyewe, tumia mandhari meusi, weka skrini ijizime ukiondoka dakika tano, na kabla ya kulipa muulize muuzaji kama warantii inahusu kuungua kwa picha, kisha akuonyeshe mahali palipoandikwa.